Kasi iliyoandikwa kwenye kasha haitoshi kuchagulia ruta

Neno "ruta" limeingia katika Kiswahili bila kupiga hodi. Binafsi sina ugomvi nalo, kwani limezikubali silabi zetu na kupata makao katika ngeli ya I-ZI pasipo taabu. Linalonikera ni jinsi chombo chenyewe kinavyonunuliwa.

Kampuni ndogo ya kusambaza intaneti huanza na wateja wachache, kisha mtaa mzima ukaitaka. Hapo mwenyewe huikamata orodha ya bei na kutazama nambari moja tu: gigabiti ngapi kwa sekunde. Aghalabu nambari hiyo imepimwa kwa pakiti kubwa za data, ilhali ruta huchoshwa zaidi na wingi wa pakiti kuliko uzito wake. Katika mlango wa gigabiti 10, pakiti za baiti 1,518 zikijaa, ruta huamua njia mara 812,000 hivi kwa sekunde. Zikiwa ndogo kabisa, za baiti 64, maamuzi hayo hufika milioni 14.88. Na sauti za simu za intaneti, kwa mfano, husafiri kwa pakiti ndogo ndogo.

Isitoshe, ruta za bei nafuu hutegemea prosesa kama ya kompyuta ya kawaida, si chipu iliyoundwa kwa kazi hiyo pekee. Si aibu kuzitumia. Ni nyepesi kurekebisha. Lakini kila amri inayoongezwa, iwe ya kumpimia mteja kasi yake, kuzuia wavamizi au kuwagawia wateja wengi anwani moja, huila prosesa hiyo hiyo. Basi ruta na ipimwe amri zote zikiwa kazini. Vinginevyo, mwalimu anayewasilisha alama za wanafunzi katika tovuti ya Baraza la Mitihani usiku wa siku ya mwisho ndiye atakayelipia tofauti hiyo.

Jambo la pili ni jedwali la njia. Mnamo tarehe 12 Agosti 2014, jedwali la njia za intaneti ulimwenguni lilivuka 512,000. Ruta kadhaa za zamani, ambazo kumbukumbu yake ya kutafutia njia ilikuwa imewekewa mpaka huo, zilishindwa, na huduma za kampuni mbalimbali zikayumba. Leo njia hizo, kwa anwani za mtindo wa zamani pekee, zinapata milioni moja. Anayenunua mtumba wa enzi hizo kwa kuvutiwa na bei hana budi kuuliza kwanza kumbukumbu hiyo inameza njia ngapi.

Je, kila kampuni yahitaji jedwali zima? Hasha! Yenye muuzaji mmoja wa intaneti yahitaji njia moja tu: nisichokijua, nampelekea yeye. Hata yenye wauzaji wawili yaweza kupokea njia chache zenye manufaa, zikiwemo zile za KIXP jijini Nairobi, na zilizosalia ikazikabidhi kwa hao wakubwa. KIXP, iliyoanzishwa mwaka 2000, ikafungwa na mdhibiti na kufunguliwa tena 2002, ndiko kampuni za humu nchini zinakobadilishana data bila kuizungusha ng'ambo. Kwa mpango huo, kampuni changa yaweza kuahirisha gharama ya ruta kubwa kwa muda mrefu, mradi isisahau kuacha nafasi ya kukua.

Wengine husema afadhali kununua moja kubwa mara moja. Sikubaliani nao. Ruta mbili za wastani, kila moja ikiweza kubeba mzigo wote peke yake, humwezesha fundi kubadilisha programu ya moja bila kuwakatia wateja huduma. Kila moja iwe na vipokea umeme viwili, kimoja kwenye nguvu za taifa na kingine kwenye betri, na fundi ajaribu kuchomoa kimoja kabla ya mteja wa kwanza kuunganishwa.