Masaru Ibuka na Fuwele Zenye Dosari

Mnamo Oktoba 1945, miezi miwili baada ya Japani kushindwa vitani, mhandisi mwenye umri wa miaka 37 alifungua karakana ndogo katika duka kubwa lenye nyufa, lililosalia limesimama katikati ya mji wa Tokyo ulioteketezwa kwa mabomu. Mhandisi huyo aliitwa Masaru Ibuka. Kazi ya kwanza ya karakana yake ilikuwa kutengeneza redio mbovu na kuziongezea kifaa cha kupokelea mawimbi mafupi. Wakati wa vita wananchi walikuwa wamekatazwa kusikiliza mawimbi hayo, na sasa walikuwa na kiu kubwa ya habari za ulimwengu.

Ibuka alizaliwa mwaka 1908 mjini Nikko. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Waseda mwaka 1933, na mwaka huohuo uvumbuzi wake wa taa za neoni ulipata tuzo katika maonyesho ya Paris. Basi hakuwa mgeni katika uvumbuzi. Lakini kuvumbua ni jambo moja, na kuanzisha kiwanda katika nchi iliyofilisika ni jambo jingine.

Jungu lililoshindwa

Mojawapo ya vifaa vya mwanzo vya karakana hiyo lilikuwa jungu la umeme la kupikia wali. Lilikuwa pipa dogo la mbao lenye vipande vya alumini chini yake. Nadharia yake ilikuwa nzuri: mkondo wa umeme ungepita katika mchele uliolowa maji na kuutia joto, maji yakiisha kunyonywa, mkondo ungekatika wenyewe. Kwa vitendo mambo yalikuwa mengine. Michele ilitofautiana, vipimo vya maji vilitofautiana, na umeme wenyewe haukuwa na nguvu ya kutegemewa. Wali ukatoka mbichi leo, na kesho ukatoka bokoboko. Jungu hilo likaachwa.

Mei 7, 1946, Ibuka na mwanafizikia kijana, Akio Morita, waliandikisha kampuni iliyoitwa Tokyo Tsushin Kogyo, yenye wafanyakazi wapatao 20. Katika waraka wa kuianzisha, Ibuka alieleza kuwa alikusudia mahali ambapo wahandisi wangeutumia ujuzi wao wote kwa uhuru na kwa furaha. Mwaka 1950 kampuni ilitoa kinasa sauti cha kwanza cha Japani. Utepe wake ulikuwa wa karatasi iliyopakwa unga wa sumaku; katika majaribio ya awali unga huo ulikaangwa kwenye kikaango na kupakwa kwa brashi ya mkono.

Transista

Mwaka 1952 Ibuka alisafiri kwenda Marekani, na huko akapata habari kwamba kampuni ya Western Electric ilikuwa tayari kutoa leseni ya kutengeneza transista kwa dola 25,000. Transista ilikuwa imevumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell. Ni kipande kidogo cha nusukipitishi, wakati ule aghalabu germaniamu, kinachoweza kukuza mkondo dhaifu wa umeme kama vali ya kioo, lakini kwa nishati kidogo mno. Wizara iliyosimamia fedha za kigeni ilisita kuiruhusu kampuni changa kutumia kiasi hicho cha fedha, na idhini haikupatikana hadi mwaka 1954.

Wenye leseni walimshauri Ibuka atengeneze vifaa vya kuwasaidia wenye uziwi. Ushauri huo ulikuwa na msingi. Mazungumzo ya mtu huhitaji mizunguko elfu chache tu kwa sekunde, ilhali redio ya mawimbi ya kati hupokea mizunguko ipatayo milioni moja. Transista nyingi za wakati ule hazikuweza kwenda kwa kasi hiyo. Ibuka alishikilia kuwa atatengeneza redio.

Wahandisi wake, wakiongozwa na Kazuo Iwama, walijaribu kuchanganya germaniamu na fosforasi badala ya antimoni. Hatimaye kasi ilipatikana, lakini kwa gharama kubwa: inasimuliwa kuwa kuna wakati ambapo katika transista 100 zilizotengenezwa, 5 tu zilifaa. Mfanyabiashara mwangalifu angesimamisha kazi. Ibuka aliamua kuendelea, akiamini kuwa chanzo cha dosari kikijulikana, kitaondolewa. Agosti 1955 redio ya TR-55 ikaingia sokoni, redio ya kwanza ya transista ya Japani. Mwaka 1958 kampuni ikachukua jina la Sony.

Dosari yazaa elimu mpya

Mwaka 1957 mwanafizikia wa kampuni hiyo, Leo Esaki, alichunguza jinsi fosforasi nyingi ilivyoharibu transista. Badala ya kuipunguza, aliizidisha, naye akaona ajabu: volteji ilipoongezwa, mkondo, baada ya kupanda, ulishuka. Elektroni zilikuwa zikipenya kizuizi chembamba ambacho, kwa kanuni za fizikia ya zamani, zisingeweza kukivuka. Kwa ugunduzi huo Esaki alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1973.

Mwaka huohuo, huku Tanzania, vikundi vya wanakijiji vilikusanyika kusikiliza masomo ya kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ya transista, iendeshwayo kwa betri, ndiyo iliyowezesha masomo hayo kufika pasipo na umeme.

Ibuka alifariki Desemba 1997. Mwanafunzi ambaye jaribio lake limekataa katika maabara ya shule na alitazame tena kabla ya kulifuta daftarini. Jungu la wali liliachwa kwa kuwa mchele wa kila nyumba haungeweza kudhibitiwa. Fuwele ziliendelezwa kwa kuwa dosari yake iliweza kupimwa. Kuzipambanua hali hizo mbili ndiyo kazi ngumu ya mhandisi.