Lafudhi ya Kisiwani Si Aibu

Hivi karibuni, tukiwa barazani baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja tunayemheshimu alitueleza masikitiko yake. Mjukuu wake, kijana mwenye sauti nzuri, akizungumza nyumbani ni mtoto wa kisiwani; lakini akianza kuimba hugeuza ulimi na kujifanya amezaliwa Marekani. "Nani amemwambia," aliuliza mzee, "kwamba kwa ulimi wake mwenyewe hatasikika?"

Swali hili lina uzito, nasi tumeona vyema kulijibu kwa mfano wa kijana wa visiwa vya mbali, Pedro Luis Domínguez Quevedo, ambaye ulimwengu wa muziki wa regetoni na trapu unamjua kwa jina moja tu la Quevedo.

Quevedo alizaliwa Madrid mwezi wa Desemba 2001. Utotoni aliishi kwa muda nchini Brazili, kisha akalelewa Las Palmas, katika kisiwa cha Gran Canaria. Visiwa vya Kanari vimo katika dola ya Hispania, lakini kijiografia viko karibu zaidi na pwani ya Moroko kuliko na Madrid. Watu wake ni zaidi ya milioni 2. Zamani ardhi haikuwatosha, na wengi walipanda merikebu kwenda Kuba, Puerto Rico na Venezuela kutafuta riziki, hata Venezuela ikapewa jina la kisiwa cha nane. Waliokwenda walichukua lafudhi yao, na waliorudi walirudi na maneno. Hadi leo basi la abiria huitwa guagua mjini Las Palmas, kama liitwavyo Havana na San Juan. Na herufi s mwishoni mwa neno humezwa huku na huko.

Regetoni nayo ina safari yake. Mizizi yake iko Panama, ambako wazao wa vibarua waliotoka Jamaika waliimba rege kwa Kihispania. Umbo lake likakamilika Puerto Rico katika miaka ya 1990. Wakubwa wa huko hawakuupenda muziki huo. Mwaka 1995 polisi waliingia madukani wakakamata kanda zake kwa hoja ya kulinda maadili. Kanda zilikamatwa, lakini muziki haukukamatika. Ulipofika Kanari haukuwakuta wageni, bali jamaa wa ng'ambo ya pili ya bahari ambao matamshi yao yalikwisha kufanana na yake.

Ndipo tunapofahamu kwamba Quevedo hakulazimika kuazima ulimi wa mtu. Aliimba kwa sauti yake nzito, kwa matamshi ya Las Palmas. Wala hakuanza peke yake. Wimbo wa "Cayó la noche" aliuimba pamoja na vijana wenzake La Pantera na Juseph, na ulipotolewa upya mwaka 2022 wakaongezeka Cruz Cafuné, Bejo na Abhir Hathi. Wote hao ni wasanii wa Kanari. Mkono mmoja haulei mwana, wala haulei mwimbaji.

Mwezi wa Julai 2022, mtayarishaji wa Argentina aitwaye Bizarrap alitoa kikao chake cha 52, na mwimbaji wake alikuwa Quevedo. Wimbo huo ulipanda hadi nafasi ya kwanza duniani katika orodha ya Spotify, na umekwisha kusikilizwa zaidi ya mara bilioni moja. Ikafuata albamu ya "Donde quiero estar" mwezi wa Januari 2023. Mwaka 2024 alijipumzisha na majukwaa, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo akarudi na albamu ya "Buenas noches".

Wako watakaosema kwamba nyimbo za aina hii zimejaa ulevi, majigambo na mapenzi ya usiku mmoja. Hatutetei kila neno lake, na mzazi anayechagua kinachosikilizwa nyumbani kwake anatimiza wajibu wake. Lakini kulikataa neno baya ni jambo moja, na kuifunga sauti nzima ni jambo jingine.

Liko jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa visiwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mwaka 2024 Kanari ilipokea wageni zaidi ya milioni 15, na tarehe 20 Aprili mwaka huo wananchi kwa maelfu waliandamana wakisema kwamba visiwa vina kikomo, kwa sababu nyumba zimekuwa ghali na mwenyeji hana pa kukaa. Katika hali hiyo, hata majina ya fukwe huweza kubaki katika matangazo ya hoteli tu. Mwishoni mwa 2022, Quevedo akishirikiana na Myke Towers wa Puerto Rico, alitoa wimbo uitwao "Playa del Inglés", jina la ufuko maarufu wa watalii kusini mwa Gran Canaria. Safari hii jina la ufuko lilitajwa duniani na kinywa cha mwenyeji.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Fumba alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Mitambo ilikuwa ya watu, lakini Kiswahili kilikuwa chake. Karibu karne moja baadaye kijana wa Kanari ametumia mitambo ya Muargentina kwa namna ile ile.

Basi tunawaomba viongozi wanaoshughulikia utamaduni wasingoje kijana asifiwe ng'ambo ndipo wamkumbuke. Wawape vijana mahali pa kukutana na kufanya mazoezi, na wahakikishe kwamba jasho la mtunzi linalindwa na sheria ya hakimiliki. Wazazi nao wasikilize kwanza, kisha wakosoe.

Ama yule mjukuu wa mzee wetu, tunamwambia hivi: ulimi unaomwamkia babu yako kila asubuhi unatosha kuimbia dunia. Mwacha asili ni mtumwa.