Ndizi Mbivu ya Kupika: Ikiwa Nyeusi, Usikimbilie Kuitupa



Juzi tulikuwa na mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama hapa Eastlands, na mama mmoja alitusimulia jambo lililotugusa. Alikuwa amenunua ndizi nne kubwa sokoni, akaziweka juu ya kabati. Baada ya siku kadhaa akakuta maganda yamekuwa meusi. Akasema, "Hizi zimeoza," akazipeleka kwenye taka. Jioni hiyo watoto wake walilala na chai tupu, bila hata kipande cha mkate. Jirani yake, mzaliwa wa upande wa Busia, alishika kichwa: "Dada yangu, hukutupa ndizi mbovu. Ulitupa chakula cha jioni!"

Tulicheka, lakini si jambo la kucheka. Pesa siku hizi ni ngumu, na wengi wetu tunatupa chakula kwa kutokukijua. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya ndizi hii.

NI NDIZI GANI?

Sokoni kuna ndizi za aina tatu. Kuna ndizi za kula zikiiva, kama ndizi sukari. Kuna matoke, ambayo hupikwa yakiwa mabichi. Halafu kuna hii tunayoizungumzia: ni ndefu, nene, imepinda kama pembe, na ganda lake ni gumu. Wengi wetu huiita mkono wa tembo. Watanzania huiita mzuzu, na Waganda huiita gonja. Mtu anaweza kuipika ikiwa mbichi au mbivu, lakini ikiiva ndipo utamu wake hutoka.

Unaponunua Marikiti, Gikomba au kwa mama mboga wa mtaani, muulize waziwazi: "Hii ni ya kupika ikiiva?" Usione haya. Matoke yaliyoiva hayakupi chakula kile kile.

KWA NINI INAKUWA NYEUSI?

Ndizi ikiwa kijani imejaa wanga, kama viazi. Inapoiva, wanga huo unageuka pole pole kuwa sukari. Ganda linatoka kijani kuwa manjano, halafu madoa meusi, mwishoni ganda lote linakuwa jeusi. Ndizi ya kawaida ikifika hapo huwa imelegea kabisa, na ndiyo sababu tunadhani hata hii imeharibika. Lakini mkono wa tembo hubaki na wanga mwingi hata ikiiva, kwa hiyo ndani inaweza kuwa bado imeshikana vizuri.

Basi utajuaje iliyoiva na iliyooza? Usitazame rangi peke yake. Fanya hivi:

1. Ibonyeze. Mbivu inabonyea kama parachichi lililo tayari. Iliyooza inatoa maji.
2. Inuse. Mbivu inanukia utamu. Iliyooza inanuka uchachu, kama pombe.
3. Tazama ncha zake na mahali palipopasuka. Ukiona ukungu, yaani ule unyoya mweupe au wa kijani umeingia ndani, hiyo usile.
4. Imenye. Nyama yake iwe ya manjano au rangi ya chungwa. Ikiwa ya kijivu na yenye majimaji, hapo ndipo utupe.

KUIIVISHA NYUMBANI

Ndizi ya kijani ifunge ndani ya gazeti au uiweke kwenye gunia safi, mahali penye joto kidogo. Ukitaka iharakishe, weka pamoja nayo tunda lililokwisha kuiva, kama ndizi nyingine au parachichi. Tunda lililoiva linatoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayoamsha mengine yaive. Si uchawi, ni maumbile.

Ukiwa na friji, usiingize ndizi ya kijani. Baridi hulifanya ganda kuwa jeusi na ndani haiivi vizuri. Utadanganyika.

Tena tuwaonye. Kuna wafanyabiashara wanaoivisha matunda kwa kabaidi, ile ile ya mafundi wa kuchomea vyuma kwa gesi. Kabaidi inaweza kuwa na sumu ndani yake, na haifai kukaribia chakula. Ukikuta ndizi ni ya manjano safi kila mahali lakini ndani ni ngumu na haina utamu, jiulize iliivishwa namna gani. Na vikundi vinavyouza ndizi, tafadhali msishawishike. Subirini siku mbili tatu zaidi, muuze chakula ambacho hata watoto wenu mngewapa.

NJIA NNE ZA KUPIKA

Kuchemsha. Hii ndiyo njia rahisi na haihitaji mafuta. Osha ndizi, kata ncha mbili, kisha katakata vipande viwili au vitatu pamoja na maganda yake. Pasua ganda kwa urefu kidogo. Weka kwenye sufuria, mimina maji yafike nusu ya ndizi, funika. Baada ya dakika 15 hadi 20 ganda litaanza kuachana na nyama, na kisu kitaingia bila shida. Tunachemsha na maganda ili utamu usipotelee majini. Kufunika sufuria ni muhimu pia, kwani kunapunguza makaa au gesi unayotumia.

Kukaanga. Chagua ndizi ya manjano yenye madoa meusi. Nyeusi kabisa hunyonya mafuta na huungua haraka kwa sababu ya sukari nyingi. Imenye, kata mshazari vipande vya unene wa kidole, nyunyiza chumvi kidogo. Mafuta yawe ya moto wa wastani, yasitoe moshi. Geuza kila upande baada ya dakika mbili au tatu, mpaka iwe rangi ya kahawia. Wenzetu wa Nigeria huiita dodo, nao Waghana huikata vipande vidogo, wakaipaka tangawizi na pilipili, wakaiita kelewele. Ukipata tangawizi ya shilingi kidogo, jaribu. Mafuta yakishakuwa meusi na kunuka, usiyarudie tena na tena.

Kuchoma. Ukisafiri Uganda, pale Namawojjolo kwenye barabara ya Kampala na Jinja, wachuuzi hukimbilia magari wakiwa na gonja zilizochomwa. Siri yao ni moto. Subiri makaa yavae jivu jeupe, yasiwe na mwali. Menya ndizi, iweke juu ya waya, uwe unaigeuza geuza mpaka ipate rangi kila upande na ndani ilainike. Moto mkali utaichoma nje na kuiacha mbichi ndani.

Kwa nazi. Hii tumejifunza kwa ndugu zetu wa Pwani, ambao huipenda sana kwenye futari mwezi wa Ramadhani. Hapa kwetu, uliza jirani wa Majengo, Pumwani, hutakosa atakayekuazima mbuzi ya kukunia. Kwa ndizi nne, kuna nazi moja, chuja tui zito uliweke kando, kisha ongeza maji uchuje tui jepesi. Menya ndizi, pasua kila moja kati, kisha kata nusu. Zipike kwa tui jepesi mpaka zilainike, yapata dakika 10. Ongeza tui zito, sukari kijiko kimoja au usiweke kabisa, na iliki iliyopondwa. Punguza moto na usikoroge kwa nguvu, ukitikisa sufuria inatosha. Tui likichemka sana hukatika. Likishakuwa zito, epua.

Na ile iliyolegea mno je? Iponde kwa mwiko, changanya na unga kidogo kidogo mpaka ishikane, ufanye vidonge bapa na kuvikaanga. Waganda hutengeneza kabalagala kwa namna hii, ingawa wao hutumia zile ndizi ndogo tamu na unga wa muhogo. Hakuna kinachotupwa isipokuwa ganda.

ISILIWE PEKE YAKE

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Ndizi hii inatia nguvu na ina madini ya potasiamu. Ile yenye nyama ya rangi ya chungwa inasaidia pia kupata vitamini A, ambayo ni nzuri kwa macho. Lakini haina chakula cha kutosha cha kujenga mwili. Mtoto akila ndizi asubuhi, ndizi jioni, tumbo litajaa lakini hatakua vizuri. Kwa hiyo ile na maharagwe, ndengu, omena, yai, au kikombe cha maziwa. Ndizi ya kuchemsha na maharagwe ni mlo kamili kuliko ndizi ya kukaanga na soda.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, ponda ndizi iliyochemshwa, changanya na maziwa au njugu zilizosagwa laini kabisa. Usiongeze sukari wala chumvi. Aendelee pia kunyonya.

Mwenye ugonjwa wa sukari akumbuke kwamba kadiri ndizi inavyoiva ndivyo sukari inavyozidi. Ale kipande kidogo, cha kuchemsha, na si cha nazi na sukari. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya ile potasiamu.

Jambo la mwisho, na si dogo. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja na tunapikia humo humo. Jiko la makaa usilitumie wala kulilaza ndani mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, hata usiku kukiwa na baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke. Choma ndizi yako nje, au acha hewa ipite.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Wiki hii nyumbani kwetu tulitupa chakula gani? Kilikuwa kimeharibika kweli?
2. Nani kati yetu anajua kupika ndizi mbivu kwa njia ambayo haimo hapa? Atufundishe.
3. Tukichanga pesa na kununua mkungu mzima pamoja, kila mmoja angeokoa shilingi ngapi?

Yule mama wa kikundi alirudi mkutano uliofuata na sufuria iliyofunikwa kwa leso. Ndani kulikuwa na ndizi za kuchemsha na ndengu. Maganda, alituambia, yalikuwa meusi tititi. Tulikula wote, na hakuna aliyebakiza.