Ziwa Li Karibu, Mvua Tunaisubiri

Mgeni anayevuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko cha Kamanga hudhani watu wa huku hawajui ukame. Maji yote yale! Lakini mahindi yetu hunywa mvua, si ziwa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ikichelewa, mbegu hukauka ardhini na ghala hubaki tupu.

Ziwa lenyewe hutegemea mawingu: karibu asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mwaka 2006, baada ya mvua chache na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda, lilishuka sana. Hata wenzetu wa Kilimanjaro wenye theluji mlimani wana mashaka, maana zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imetoweka.

Basi tufanye nini? Tuombe mvua, na mikono isikae bure.

Kinga maji. Milimita 10 za mvua kwenye paa la bati linalofunika mita 30 za mraba hutoa karibu lita 300. Funga mfereji, weka pipa safi lenye kifuniko.

Panda mtama na mihogo pamoja na mahindi.

Viazi vitamu vikiwa vingi, menya, kata, anika upate michembe. Usiuze chakula chote baada ya mavuno.

Mvua ikichelewa, isiwakute watoto na chungu kitupu.