Mwarobaini Utumike kwa Elimu

Mwarobaini ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi na Myanmar, nao umezoea pwani yetu hata ni nadra kupita mji au kijiji cha Unguja na Pemba usiuone umesimama uani au kando ya njia. Jina tuliloupa ladai kwamba hutibu maradhi arubaini. Wahindi nao, ambao kwa Kisanskrit huuita nimba, huusifu kuwa ni mwondoa maradhi yote. Sifa zinapokuwa kubwa kiasi hicho, yafaa wananchi na wakubwa wanaohusika wajue lipi lina ushahidi na lipi ni hatari.

Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica. Neno la kwanza limetokana na Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na pia mkomafi unaoota katika mikoko yetu. Hukua kufikia mita 15 hadi 20, na pengine kuzidi. Jani lake ni vijani vingi vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja, kila kijani kimechongoka na ukingo wake una meno kama msumeno. Maua ni meupe, madogo, yenye harufu nzuri. Tunda hufanana na zeituni, nalo huwa la manjano likiiva; ndani yake mna kokwa yenye mafuta machungu. Mizizi huzama mbali, na kwa sababu hiyo mti hustahimili ukame na ardhi ya mawe, ila hauvumilii maji yaliyotuama. Mbegu hupoteza uhai katika majuma machache. Mwenye kutaka miche hana budi kuzipanda zikingali mpya.

Katika tiba ya Ayurveda, mti huu umetajwa tangu vitabu vya kale vya Charaka na Sushruta. Matabibu wa huko huuhesabu kuwa mchungu na wenye kupoza mwili, nao huutumia zaidi kwa maradhi ya ngozi, vidonda, homa na minyoo. Majani huchemshwa kwa kuogea, mafuta hupakwa, na kijiti hutafunwa kuwa mswaki. Mengi katika hayo wazee wetu wanayajua bila ya kuvisoma vitabu hivyo.

Sayansi haikuudharau urithi huu. Mwaka 1942 mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alizichambua chembechembe chungu za mafuta yake, na ya kwanza akaiita nimbini. Mwaka 1959, nzige walipovamia Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona kwamba miarobaini ndiyo iliyosalimika. Mwaka 1968 ikapatikana azadiraktini, chembechembe inayomfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba ili akue. Mkulima anaweza kuponda kokwa, akaziroweka usiku kucha, akachuja na kunyunyizia mboga zake. Dawa hiyo huharibika upesi juani, kwa hiyo haibaki shambani muda mrefu.

Thamani hiyo ilizusha mgogoro. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani haki ya kumiliki njia ya kuua kuvu kwa mafuta ya mwarobaini. Watetezi, akiwamo Vandana Shiva wa India, walipinga kwamba wakulima wa Kihindi walikuwa wakiyatumia mafuta hayo zamani. Haki hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Hapa pana funzo kwetu: elimu ya wazee isiyoandikwa ni rahisi kuporwa.

Lakini kuusifu mti si kuufanya salama kwa kila mtu. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza jinsi watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini walivyopatwa na maradhi mazito ya ubongo na ini. Mafuta haya basi hayafai kabisa kunyweshwa mtoto, na mama mjamzito naye hana budi kujiepusha na kunywa dawa za mti huu. Hatari nyingine ni ucheleweshaji. Tangu mwaka 2003, Zanzibar ilipoanza kutumia dawa mseto, malaria imepungua mno Visiwani; mafanikio hayo yanategemea kila mwenye homa kupimwa damu mapema. Anayekaa nyumbani siku tatu akinywa maji machungu ya majani hujihatarisha yeye na jirani zake.

Tunaona basi kwamba yapo mambo matatu ya kutendwa. Kwanza, idara za afya zikutane na waganga wetu wa asili ili matumizi ya mti huu yaandikwe na kupimwa, na chupa zinazouzwa sokoni ziwe na maelezo ya kiasi na maonyo. Pili, mabwana shamba wawafundishe wakulima wa mboga kutengeneza dawa ya kokwa, ambayo haina gharama kubwa. Tatu, upandaji uwe wa mipaka: ndege na popo hutawanya mbegu zake, na katika sehemu za pwani ya Afrika Mashariki mwarobaini umekwisha kuingia misitu ya asili na kuisonga miti ya kienyeji. Upandwe mitaani na maskulini, usiachiwe Jozani wala Ngezi.

Mwarobaini una manufaa ya kutosha hata bila ya kutibu maradhi arubaini. Tuyatumie hayo yaliyothibitika, na mgonjwa wa homa tumpeleke kituoni siku hiyo hiyo.