Gofu: Foleni Huanzia Mezani kwa Mwandalizi

Mashindano ya gofu yachelewapo, lawama huwaangukia wachezaji wazembe. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mara nyingi kasoro huanzia mezani kwa mwandalizi, apangapo saa za kuanza.

Wachezaji 80, wanne wanne, ni makundi 20. Mwandalizi mwenye pupa huyaachia kila baada ya dakika 6, akitumaini kumaliza mapema. Lakini kwenye shimo fupi hakuna awezaye kupiga mpaka waliotangulia waondoke penye bendera. Hapo foleni huanza, nayo huzidi kutwa nzima. Haraka haraka haina baraka. Wakiachiwa kila baada ya dakika 10 kuanzia saa tatu asubuhi, kundi la mwisho huanza saa sita na dakika 10. Kwa viwanja vya Entebbe na Kampala, vilivyo karibu na Ikweta, jua hutua karibu saa moja jioni mwaka mzima, muda watosha.

Mchezaji naye ana wajibu. Tangu mwaka 2019 kanuni zampa dakika 3 za kutafuta mpira, si 5 kama zamani, na zamshauri apige katika sekunde 40. Aliye tayari na atangulie, mradi pana usalama. Katika mtindo wa Stableford, uliochezwa Uingereza mwaka 1932, asiyeweza tena kupata alama huokota mpira wake.

Mchezaji wa kundi la mwisho naye ni mshindani. Astahili kuiona bendera ya shimo la 18 kungali mchana.