Chumba cha juu cha moyo kikitanuka

Maswali mengi ya wasomaji yanahusu mstari mmoja kwenye majibu ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti: "chumba cha juu cha kushoto kimetanuka". Wengine wameshauziwa mizizi ya "kusinyaza moyo". Hakuna mzizi wenye kazi hiyo.

Kipimo chenyewe kina uzito. Mwaka 1994 watafiti wa Framingham, Marekani, walionyesha kuwa kipenyo cha chumba hicho kikiongezeka milimita 5, hatari ya mapigo kuvurugika hupanda kwa asilimia 39. Siku hizi hupimwa ujazo: ukizidi mililita 34 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kimetanuka.

Upana unavurugaje mapigo? Presha isiyotibiwa hukakamaza chumba cha chini. Cha juu kikisukuma damu humo hupata upinzani, kuta zake huvutika, na mwaka hadi mwaka makovu huchukua nafasi ya msuli. Kwa kijana, chanzo huweza kuwa vali iliyobanwa na homa ya rumatiki ya utotoni. Umeme wa moyo haupiti kwenye kovu, hulizunguka. Na msuli uliokwisha kupitiwa na umeme lazima upumzike kidogo ndipo uitikie tena. Katika chumba kidogo, wimbi hurudi mapema mno, likaukuta msuli ungali unapumzika, likafa. Katika chumba kipana chenye makovu njia ni ndefu, mwendo ni wa polepole. Wimbi likirudi msuli uko tayari. Linazunguka tena na tena, linagawanyika, na chumba kinatetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama kwenye kijifuko cha pembeni, huganda, na bonge likichomoka kwenda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi.

Eko za kisasa hupima pia mnyumbuko wa ukuta, ambao huweza kupungua kabla chumba hakijatanuka.

Halafu anakuja mtu stendi na kifaa cha kushika mkononi, anadai kinasoma moyo, ini na figo kwa dakika moja! Hicho hakipimi chumba chochote. Ni utapeli, na unamchelewesha mgonjwa. Wanaosema moyo kwenda mbio usiku ni jini nao wanamchelewesha vilevile.

Eko inaonyesha hatari tu. Kuvurugika kwenyewe kwa mapigo huthibitishwa kwa isiji, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hata kama husikii chochote. Kwa hiyo iombe. Dhibiti presha, punguza uzito, acha pombe. Ukiandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, usiibadilishe na kitunguu saumu.